Majivu ya Takondwa

Kila asubuhi, kabla ya kufagia darasa, Takondwa alipita stoo ya shule kutazama ndoo yake ya maharagwe. Aliyachanganya na konzi moja ya majivu mwezi Juni, na hadi Agosti hakuna fukusi aliyeonekana. Shule nzima hapo Dedza, milimani, ilimsifu, naye kichwa kikamvimba kidogo. Mwalimu wake, Bi Kamwendo, aliwaalika akina mama wa kijiji waje Jumamosi wajifunze kuhifadhi mbegu zao kwa njia hiyo.

Alhamisi simu ya mama yake ikalia, Takondwa akaipokea. Alikuwa binamu yake, Limbani, wa Salima, kule chini kando ya ziwa. Naye alikuwa amejaribu majivu hayo.

"We profesa wa majivu! Maharagwe yangu yamebaki matundu matupu!"

"Utakuwa umepima vibaya."

"Konzi moja, ndoo moja, ulivyosema mwenyewe. Njoo uwaone fukusi, tumeshawapa na majina!"

Takondwa alikata simu, moyo unamwuma. Akinyamaza, nani atajua? Lakini mbegu zikitobolewa, watu watapanda nini mvua ikinyesha? Kesho yake alimweleza Bi Kamwendo yote.

"Juni hapa kulikuwaje?" mwalimu akamuuliza.

"Baridi, mwalimu. Tulilala na masweta."

"Na Salima?"

"Joto." Takondwa akashika kichwa. "Kumbe ni baridi iliyowazuia fukusi, si majivu yangu!"

"Huenda. Basi jaribu tena, tujue."

Mkutano ukaahirishwa, wenzake wakamcheka. Hakujali. Aliweka mikebe mitatu ya maharagwe karibu na jiko la shule, penye joto, akatia fukusi kumi kila mmoja. Wa kwanza aliutia majivu kidogo, wa pili zaidi, wa tatu majivu sawa na maharagwe yenyewe. Limbani alifanya vivyo hivyo Salima. Baada ya wiki sita, kote kuwili, mkebe wa tatu tu ndio uliosalimika.

Akina mama walipokuja, mmoja wao, Mama Zione, alimkazia macho Takondwa. "Si ulisema konzi moja?"

"Nilikosea, mama. Nilijaribu mara moja tu, tena wakati wa baridi."

"Jambo likikubali kwako leo, usiwape watu bado," Bi Kamwendo akawaambia wanafunzi. "Lirudie kwingine, na majira mengine. Likisimama, ndipo useme."

Mama Zione akafungua kigunia chake cha mbegu. "Aliyekiri kosa la jana, namwamini la leo. Haya mwanangu, nionyeshe."