Hoho Alimkataa Biringanya

Nyumbani kwetu hakuna aliyekunywa chai kabla Mama hajarudi shambani na habari za wagonjwa. Wagonjwa walikuwa miche ya pilipili hoho. Udongo wetu ulikuwa na ugonjwa wa mnyauko. Mche uliamka mzima, mchana ukainamisha majani ingawa ulikuwa umemwagiliwa, na haukupita muda tukawa na msiba.

"Leo wamekufa wangapi?" Baba aliuliza.

"Usiulize. Kunywa chai."

Bibi, mwenye shamba, hakuwa mtu wa kutoa pole. "Hizi zikifa tena, hapo napanda majani ya ng'ombe."

Mama akammiminia chai. Shamba hilo ndilo lililokuwa kazi yake.

Msimu uliopita Mama alibebesha nyanya. Yaani alikata mche wa nyanya, akauunganisha juu ya shina la biringanya lenye mizizi imara. Nyanya zikastawi. Basi safari hii akabebesha hoho juu ya biringanya. Mwanzoni miche ilisimama vizuri, nasi tukatembea kwa maringo. Kisha ikaanza kukauka, mmoja baada ya mwingine. Ikabaki trei moja tu ya miche ya hoho ambayo haikuwa imebebeshwa, dirishani jikoni. Mama aliichungulia kila alipopita, kama mtoto mwenye homa.

Mwishowe alimwita shangazi, jirani yetu mwenye kitalu. Tunamwita Shangazi Wembe, kwa sababu hatembei bila wembe, na ulimi wake nao unakata.

Shangazi alishika mche mmoja mkavu. Sehemu ya juu ikachomoka kama kofia.

"Wifi, mshenga wa ndoa hii ni nani?"

"Ni mimi. Mbona nyanya ilikubali?"

"Nyanya na biringanya wanaelewana. Hoho ana madeko. Juu ya biringanya au nyanya atakaa kidogo kwa heshima, halafu anakufa. Mpe ndugu yake wa damu: pilipili kali."

"Pilipili kali yoyote?"

"Yoyote? Nyingine zinanyauka vilevile! Chagua inayostahimili ugonjwa huu. Nilijaribu aina kadhaa kwenye udongo mgonjwa. Iliyobaki imesimama, miche yake ninayo."

Baba akakohoa. "Sasa hoho si zitawasha?"

"Kaka, mizizi inaleta maji na chakula tu. Tunda ni la hoho, halitawasha."

Akaleta miche yake ya pilipili kali, akachagua mashina yenye unene sawa na ya hoho za kwenye trei. Akasafisha wembe, akakata kwa mshazari, akaunganisha hoho juu ya pilipili kali, akabana kwa kibanio kidogo. Miche ikawekwa kivulini, chini ya plastiki, ili isipoteze maji.

"Mkihamishia shambani, kiungo kibaki juu ya udongo. Mkikifukia, hoho itaota mizizi yake yenyewe, na ugonjwa utaingia."

Kesho yake majani yaliinama. Mama akaanza kufunua plastiki. "Zimekufa!"

"Zina kizunguzungu tu!" Shangazi alifoka kutoka ng'ambo ya ua. "Toa mkono kwenye plastiki!"

Tukawa tunanong'ona karibu na miche, kama hospitalini. Hatimaye jani jipya likachomoza. Mama alilitazama mpaka maharage yakaungua.

Miche ikahamishiwa shambani. Jua la mchana lilipowaka, familia nzima ilisimama kando ya tuta. Majani hayakuinama. Siku zilizofuata pia hayakuinama.

Hoho ya kwanza alipewa Bibi. Alitafuna polepole. Baba alisimama nyuma yake na kikombe cha maji, kwa tahadhari. Bibi akameza, akatazama shamba lote.

"Na ule upande wa kisimani," akamwambia Mama, "mbona umeuacha mtupu? Unamngoja nani?"