Bikoni ya Hamoud

Naomba radhi mapema: hadithi hii nitaisimulia vibaya. Pa kutisha nitacheka, pa kucheka nitakohoa, na mwishoni mtanidai nauli zenu. Mie nimezoea watu wakae mbele yangu kwenye viti vya plastiki, washike mbavu. Mambo ya kunong'ona siyawezi. Lakini Ansbert, ambaye ndiye aliyekutwa na haya, kila akiulizwa anaomba maji ya kunywa. Mtanivumilia.

Ansbert ni fundi wa bikoni kwenye kikosi cha uokoaji, ofisi yao ipo Mikocheni, nyuma ya karakana ya magodoro. Bikoni ni kidude cha manjano, ukubwa wa chupa ya chai, kina antena na taa. Boti ikizama, maji ya chumvi yanakiwasha yenyewe. Kinaita setilaiti, na setilaiti inawaambia waokoaji ni cha nani na yuko wapi. Kikianza kupiga kelele, spika zote za singeli za Temeke zinasubiri.

Alhamisi moja, saa kumi na mbili na dakika tatu jioni, Ansbert anafunga begi arudi kwake. Mashine ya kupokea ishara ikalia. Kwenye kioo maneno mawili tu.

HAMOUD. MTONI.

Mtoni ya Temeke, nchi kavu! Na Hamoud mwenyewe, mfanyabiashara wa saruji aliyekuwa akipeleka mizigo visiwani kwa boti yake ya faiba, alipotea miaka mitatu iliyopita. Boti haikuonekana, mwili haukuonekana. Kikosi kikaiandikia familia barua: bikoni yake haikuita hata mara moja. Mtaa ukamalizia wenyewe. Kama hakuita, basi hakuzama. Kaoa huko visiwani. Mkewe, Bahiya, akabaki si mke, si mjane. Kadhi angemwekaje eda ya mtu ambaye huenda anakula pweza na bibi harusi mpya? Shauri lake lilikuwa lisikilizwe Jumatatu, na mkononi hakuwa na ushahidi wowote.

"Nenda, mdogo wangu," mkuu wa zamu alimwambia Ansbert, miguu juu ya meza. "Ukimkuta Hamoud, mwambie bikoni yake imepitiliza muda wa betri."

Walinzi wa ofisi, waliokaa naye, wakacheka. Ansbert akachukua pikipiki ya ofisi na kipokezi, redio ya mkononi yenye antena ya matawi kama mifupa ya samaki. Ukiielekeza kwenye bikoni, mlio unapanda.

Alipoingia Mtoni akakiwasha.

Piuuu... piuuu...

Kama mtu anayepiga mluzi huku anashushwa kisimani.

Mlio ulimpeleka uchochoroni, hadi nyumba iliyo nyuma ya duka la saruji. Harufu ya udi ilimpokea kabla ya mtu. Bahiya akafungua mlango nusu.

"Dada, natoka kikosini. Kuna kitu kinaita humu ndani."

Hakushtuka. Alishusha sauti tu. "Mama mkwe yuko chumbani. Kila Alhamisi magharibi anamwita."

"Anamwita nani?"

"Mwanawe, kaka. Anamwita nani mwingine?"

Bi Manal alikuwa kwenye mkeka, chetezo ubavuni, mbele yake beseni la maji ya bahari. Midomo inacheza, jina moja, mara saba, anapumzika, mara saba tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vua viatu. Amekuja."

Chini ya maji, taa ilikuwa inapepesa.

Ansbert alitumbukiza mkono akaitoa. Bikoni. Imeota makombe, manjano yake yameliwa, lakini jina la Hamoud lililoandikwa kwa brashi bado linasomeka.

"Bibi, umeipata wapi?"

"Kwa muuza vyuma chakavu, leo asubuhi. Ilinasa kwenye nyavu za watu. Miaka mitatu namwita, ameleta kitu chake."

Ansbert alitaka kucheka kwa ahueni. Kumbe ndiyo hivyo! Mama kaitia kwenye maji ya chumvi, maji yameiwasha. Hakuna jini hapo, ni ufundi tu. Akatoa bisibisi, akafungua kitako achomoe betri, kama utaratibu unavyotaka.

Tope.

Tope jeusi, na kaa mdogo aliyekufa. Betri hakuna.

Taa ikazimika mkononi mwake. Akashusha pumzi...

Piuuu.

Akaielekeza antena kwenye beseni. Kimya. Kwa bibi. Kimya. Udi ulikuwa bado unafuka, ila pua yake sasa ilisikia petroli na tope la pwani. Akageukia mlangoni.

Piuuu.

Pazia likajaa, kama linavyojaa mtu akipita. Likarudi taratibu.

"Anatoka," Bi Manal alinong'ona. "Mfuate. Ana neno na watu wa kwenu."

Bahiya akamshika Ansbert mkono wa shati. "Kaka, nakuomba ukweli. Siku ile aliita? Au alitukimbia?"

"Rekodi zinasema hakuita, dada."

"Ziliandikwa na nani hizo rekodi?"

Ansbert alivaa viatu, kimoja bila soksi.

Kwenye Barabara ya Kilwa kipokezi kilikuwa begini, na alikuwa amekizima. Piuuu. Akasimama kituo cha mafuta, akachomoa betri zake mbili, akazitia mfukoni. Piuuu... Mhudumu wa pampu akamuuliza, "Braza, umebeba ndege?" Akaondoka bila kuweka mafuta. Na kila alivyokaribia Mikocheni, mlio ulipanda.

Ofisini mkuu wa zamu alikuwa palepale, miguu juu ya meza.

"Enhe! Umemkuta? Kaongeza mke wa tatu?"

Safari hii walinzi hawakucheka. Na wao walikuwa wanasikia.

Ansbert aliinua antena. Ukutani, kimya. Kwenye mashine, kimya. Akamwelekezea mkuu wa zamu, kifuani.

Piuuuuuuu.

Ansbert alifungua kabati, akatoa daftari la zamu la mwaka ule, akapekua hadi Alhamisi aliyopotea Hamoud. Saa kumi na mbili na dakika tatu jioni. Mstari mmoja, na saini pembeni: *Hamoud tena. Majaribio. Imefungwa.*

Kazi hii ina kanuni yake: bikoni hujaribiwa dakika tano za mwanzo wa saa. Na Hamoud alikuwaga na tabia mbaya, kila Alhamisi jioni anaiwasha kabisa, aone kama inafanya kazi. Ukipata ishara yake ilitakiwa umpigie simu kwanza, ndipo ufunge taarifa. Siku ile hakuna aliyempigia. Na majaribio hayahesabiwi kuwa wito. Ndiyo maana barua ikaandikwa vile.

Ansbert akaupiga picha ukurasa, akautuma Mtoni, kwa simu ya Bahiya. Simu ikaita hapohapo.

"Kwa hiyo aliita," alisema Bahiya.

"Aliita, dada."

Kwa nyuma Bi Manal alikuwa analia, kilio cha kufiwa, kile alichokikataa miaka mitatu.

"Basi Jumatatu nitampelekea kadhi ukurasa huu. Nitakaa eda ya mume wangu, na mtaa utafute pa kuficha uso." Akavuta pumzi. "Sasa mpe simu aliyefunga."

Saini ni yangu. Mkuu wa zamu ni mie.

Kipokezi kipo kabatini hadi leo, hakina betri. Alhamisi ikifika, mie hutafuta sababu ya kutoka, lakini harufu ya tope hunitangulia mlangoni.

Bahiya aliniuliza swali moja tu. "Wakati anaita, kaka, ulikuwa unafanya nini?"

Nilikuwa nawasimulia walinzi kisa, dada. Nimebakiza sentensi moja waanguke chini kwa kicheko, mashine ikanikatiza.

Kile, kwa bahati mbaya, nilikisimulia vizuri sana.