Waliniuliza Nani Ananinyoa

Wenye haya nyingi geuzeni ukurasa mapema! Mimi nina miaka thelathini na mitatu, mtalaka, mama wa mtoto mmoja, naishi Kibiti, na haya yangu iliniishia huko Salale nilikoolewa.

Aliyekuwa mume wangu, Shabani, ni mvuvi wa kamba, mtu wa watu, na kusema haki tulipendana. Kabla ya harusi nilifundwa na somo yangu, kungwi Bi Tatu, kama wanavyofundwa wasichana wote wa kwetu. Katika mengi aliyonifunza, moja ni hili: mke hajinyoi mwenyewe. Wembe wa mke hushikwa na mumewe, na wa mume hushikwa na mkewe. Ni siri ya chumbani na ni alama ya uaminifu. Tuliishi hivyo kwa raha zetu.

Kisha nikashika mimba. Uchungu ulinikuta maji yamekupwa, boti imekaa kwenye tope, nikajifungulia nyumbani. Mtoto wa kike, mzima, Mwanahawa wangu! Lakini damu ilinitoka, jamani... ilinitoka mpaka nikaacha kusikia sauti za watu. Maji yalipojaa ndipo nikafikishwa hospitali, nikaongezewa damu. Nikapona, au nilidhani nimepona.

Maziwa hayakutoka, hata tone! Mama mkwe akasema nimembemenda mtoto, yaani nimetoka nje ya ndoa nikiwa mzazi, ndiyo maana ziwa limekauka. Mzazi ambaye hata kukaa kitako alishikiliwa, alitoka saa ngapi? Mwanahawa akalelewa kwa maziwa ya kopo na uji.

Hedhi nayo haikurudi. Mama mkwe akasema nimechoma sindano ya uzazi wa mpango kwa siri ili nisimzalie mwanawe. Nikawa nasikia baridi juani, najitanda kanga mbili wenzangu wakitokwa jasho. Nikiinama shambani kupandikiza mpunga, nikiinuka dunia inazunguka. Wakaniita mvivu.

Hayo yote niliyameza. Lililonimaliza ni wembe.

Siku moja Shabani aliushika kama kawaida yetu, akakuta hakuna kazi. Akangoja. Mwezi ukapita, na mwingine, hakuna hata unywele ulioota...

"Nani anakunyoa?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna. Nikaapa kwa Mungu, nikaapa kwa mtoto. Kila nilipoapa ndivyo alivyozidi kuamini kuna mtu! Ningemweleza nini, wakati mwenyewe sikujua kwa nini nywele hazioti?

Wakamwita Bi Tatu anikague. Alinivua, akaangalia, akatoka uani walikokaa mama mkwe na wanawake wengine. "Huyu ananyolewa," akasema, "tena na mtu fundi." Neno hilo lilienea Salale nzima kabla ya magharibi.

Talaka ikatoka. Mtoto wakamzuia. "Weye nenda kwa huyo bwanako," mama mkwe akaniambia. "Mjukuu wangu halelewi na malaya."

Nikaenda kwa dada yangu Zuhura, Kibiti. Nikazidi kudhoofika, mpaka nikaanguka nikichota maji. Ndipo akanipeleka hospitali.

Nesi Rehema, aliyenipokea, alivuta pazia akaketi. Akanipima presha nimelala, akanisimamisha akapima tena, ikawa imeshuka. Akatazama ngozi yangu na viganja, akanipapasa shingo. Akaniuliza kuhusu baridi, kizunguzungu, uchovu. Nilipojifungua nilitokwa damu nyingi? Sana. Maziwa yalitoka? Hayakutoka. Hedhi je? Tangu hapo sijaiona. Kisha akapunguza sauti.

"Na nywele, dada yangu? Za kwapani na za chini, zinaota?"

Nililia mpaka Zuhura akachungulia pazia! Watu wazima walinivua, wakanikagua, wakanihukumu, na hakuna aliyewaza kuuliza kama zinaota. Wote walitaka jina la mwanamume!

Daktari akachukua damu, vipimo vikaenda Dar es Salaam, majibu yakaja. Nesi akanifafanulia. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya kunde, nayo ndiyo nyapara wa tezi nyingine. Homoni zake ndizo zinazoamrisha maziwa yatoke, hedhi ije, nywele ziote, mwili upate joto na nguvu. Mama akimwaga damu mno kwenye uzazi, tezi hiyo inaweza kufa. Yangu ilikufa siku aliyozaliwa Mwanahawa. Nikaanzishiwa vidonge, na nitavimeza maisha yangu yote.

Nilipopata nguvu sikutuma mjumbe. Nilipanda boti mwenyewe, nikasimama uani kwa mama mkwe mchana kweupe, wanawake wakipeta mpunga, Shabani yuko barazani. Bi Tatu nikaomba aitwe. Nikasema yote kwa sauti: maziwa, hedhi, nywele, tezi! Mama mkwe akasema sina adabu.

"Adabu mliiweka wapi, mama, mlipokuwa mnanivua?"

"Mie nilisema nilichokiona, mwanangu," akajitetea Bi Tatu.

"Ulichokiona ulikiona, somo. Ulichokisema hukukijua."

Akajifunika uso kwa kanga. Alipojifunua alimgeukia mama mkwe. "Mie ndiye niliyemvua nguo huyu, na mie ndiye ninayemvika. Mpeni mwanawe." Nikaletewa Mwanahawa wangu.

Shabani alitufuata mpaka kwenye boti. Akasema ni wivu tu, turudiane, tulee mtoto. Nilimpenda mtu yule, sitaficha! Lakini nilimwambia, "Nilikuwa nakufa kitanda kimoja na wewe, Shabani, na wewe ukawa unatafuta mwanamume mwenzio." Nikapanda na mwanangu.

Wanawake wenzangu, ukijifungua ukamwaga damu nyingi, kisha maziwa yakagoma, hedhi ikapotea, nguvu zikakukimbia, usikae ndani kuapa kama mimi! Kiapo hakitibu. Nenda hospitali useme yote, hata ya chini ya kanga. Nanyi waume, kila mmoja amuulize mkewe anaumwa nini kabla ya kumuuliza yuko na nani.

Huenda nisizae tena. Msinionee huruma! Niliyemzaa ninaye, na jina langu nimelichukua mikononi mwao. Kama kuna aliyebaki na la kunisema, aje anisemee usoni. Niko Kibiti, nabangua korosho, sijajificha.