Swichi Haina Shida

Mwezi wa Agosti mwaka 2016, asubuhi ya Jumatatu, umeme ulikatika katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, wakati Fabien akikata bomba la fremu ya dirisha. Grenda, ile mashine ya mkononi inayokata chuma kwa kisahani kinachozunguka, ilinyamaza. Fabien aliilaza juu ya meza ya kazi, akavua miwani, akanywa maji.

Katika chumba hicho kimoja yeye na mke wake, Annonciata, wakimbizi kutoka Kongo, walifanya kazi zao zote mbili. Meza ya vyuma ilikuwa ukutani. Cherehani ilikuwa kando yake, mbele ya dirisha pekee lenye mwanga mzuri. Annonciata alishona sare za kwaya kwa cherehani ya miguu, hivyo kukatika kwa umeme hakukumsimamisha. Alikuwa akiimba sauti ya pili ya wimbo wa Jumapili, na Fabien akaanza kumwitikia kwa besi.

"Papa Bora, acha tu," alisema Annonciata, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Ile sauti yako itatufukuzisha kanisani."

"Kule Bukavu nilikuwa kwa kwaya."

"Ulikuwa unabeba ngoma."

Annonciata aliinuka kufuata uzi, akicheka. Umeme ukarudi. Grenda ikajiwasha yenyewe, ikaruka mezani, ikaangukia kiti alichotoka kukikalia. Ilikata mguu wa kiti na mikono ya sare kabla Fabien hajachomoa plagi.

Sababu ilijulikana. Swichi ya grenda ile imetengenezwa ili kidole kikiiachia irudi juu na kuzima mashine. Fabien, kama mafundi wengi wa kambi, alikuwa akiifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili mkono usichoke kuibana. Baada ya miezi ya kufungwa, springi ililegea. Hata tyubu ikiondolewa, mara nyingine swichi ilishika, ikabaki imeshuka.

Siku hiyohiyo Annonciata aliihamishia cherehani barazani, penye vumbi na upepo.

"Mi siingii tena mule mpaka itengenezwe," alisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Hii mikono njo inalisha Bora kama madirisha yako hayatoke."

"Iko na garanti. Nitaipeleka Lilongwe."

"Ubaambie swichi inashika. Na ubaambie sababu."

Hapo ndipo ugonjwa wa nyumba hii ulipoanzia. Karatasi ya waranti, ile ahadi ya kampuni ya kutengeneza bure, ilisema wazi kwamba swichi ikifungwa, waranti inakufa. Badala ya kwenda Lilongwe moja kwa moja, Fabien alikwenda kwa jirani yake Lwaboshi, ambaye kwa miaka mingi aliwaandaa watu kwa mahojiano ya ukimbizi. Ndugu msomaji uliyekaa mbele ya meza ile unajua hofu yake: neno moja likitofautiana na la mwaka jana, dosie, yaani faili lako, inalala. Lwaboshi aliwafundisha watu kusema jambo moja, kwa maneno yaleyale, kila waulizwapo. Kwa wengi waliokuwa wakisema kweli huku wakitetemeka, mafundisho hayo yaliwafaa. Fabien aliyachukua akayapeleka kwenye meza ya mafundi.

"Usiseme swichi," Lwaboshi alimwambia. "Ukisema swichi, bataangalia swichi. Sema moteri iko inachoka. Bakifungua, bataona yote, batatengeneza yote."

"Na bakiniuliza juu ya swichi?"

"Swichi haina shida. Njo jibu. Hata bakuulize mpaka jioni. We ukibadilisha, umekufa."

Fabien alirudi nyumbani, akaisugua grenda kwa mafuta ya taa mpaka alama ya tyubu ikapotea.

Kituo cha huduma cha kampuni kilikuwa mjini Lilongwe. Dada wa mapokezi aliitazama risiti, akasema haina muhuri wa duka. Fabien alikwenda dukani, akangoja, akarudi na muhuri. Akaambiwa idhini lazima itoke makao makuu, nje ya nchi, arudi wiki nyingine. Alirudi. Yule dada hakumkumbuka, akamuuliza upya tatizo ni nini. Wiki iliyofuata aliulizwa tena, na mtu mwingine. Kila mara jibu la Fabien lilikuwa lilelile: moteri inachoka. Kadiri walivyomzungusha, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba Lwaboshi aliijua dunia.

Ukutani, karibu na foleni, palibandikwa tangazo. Fabien alikuwa amesoma, na Kiingereza hakikumpa taabu. Tangazo lilisema kwamba swichi za grenda za toleo lile zina hitilafu na zinabadilishwa bure, bila maswali. Alilisoma, akalisoma tena. Tangu avuke mpaka hakuwahi kupewa kitu chochote bila maswali. Aliamua kwamba ni mtego.

Siku idhini ilipofika, fundi wa kituo, kijana wa Area 23, mtaa wa Lilongwe, aliichukua grenda ndani, kisha akatoka nayo mkononi.

"Kaboni za mota zilikuwa zimeanza kuisha, nimeweka mpya," alisema. "Na swichi? Toleo hili linasumbua. Huwa inashika?"

"Swichi haina shida."

"Nina mpya hapa, kaka. Ni kazi ndogo tu, na hulipi."

"Swichi haina shida."

Fundi alimtazama kidogo. Kisha aliirudisha swichi mpya kwenye droo, akamsukumia karatasi ya kutia sahihi. "Zikomo," alimshukuru kwa Kichewa, akamwita mteja mwingine.

Annonciata alimpokea barazani, vumbi limejaa kwenye nyusi.

"Ulibaambia?"

"Bamefungua yote, bametengeneza yote."

"Nauliza swichi."

"Iko nzima, Mama Bora. Rudisha cherehani yako ndani."

Annonciata hakuridhika na maneno. Alichomoa plagi, akaibonyeza swichi kwa kidole chake mwenyewe na kuiachia. Ilirudi juu. Fundi alikuwa ameisafisha mashine nzima, na kwa siku chache usafi ule ulitosha. Jioni hiyo waliishika cherehani huku na huku, wakairudisha mbele ya dirisha.

Mwezi wa Oktoba umeme ulikuwa ukienda na kurudi kila siku. Alasiri moja ulikatika Fabien akiwa kazini. Aliilaza grenda mezani bila kuchomoa plagi, akatoka kwenda barabarani kwa Lwaboshi. Walisimama wakicheka habari za yule dada wa mapokezi na muhuri wake. Nyuma yao, ndani, Annonciata alikuwa akimaliza sare na kuimba sauti ya pili.

Umeme ulirudi. Fabien alisikia grenda kwanza. Kisha wimbo ukakatika.

Hospitalini Lilongwe walimwondoa Annonciata kidole gumba cha mkono wa kulia pamoja na viwili vinavyokifuata. Daktari aliuliza ajali ilitokeaje, kwa kuwa namna ya jeraha humwelekeza kazi yake. Fabien alisema mke wake aliigusa mashine ikiwa kazini. Annonciata alikuwa amelala palepale, macho wazi, akimsikiliza.

Aliporudi nyumbani bandeji ilikuwa ingali mkononi. Mama wa kwaya, Godelive, alikuja kuchukua vitambaa vilivyobaki ili avipeleke kwa mshonaji mwingine. Alivikunja, akasali, akaondoka. Simu ya Fabien ikaita. Ilikuwa simu mbovu, isiyosikika ila kwa kipaza sauti, kwa hiyo chumba kizima kilisikia.

"Tunapiga kutoka huduma kwa wateja," alisema dada mmoja kwa upole. "Tunataka kujua kama umeridhika na matengenezo."

"Nimeridhika."

"Na swichi? Kwa toleo lako bado tunaibadilisha bure. Imewahi kukusumbua?"

Annonciata aliuinua mkono wenye bandeji, akauweka mbele ya uso wa mumewe.

"Swichi haina shida," alisema Fabien.

Dada akamshukuru kwa kuichagua kampuni yao.

Funzo

Enyi jamaa zetu, tuitazame hesabu ya uongo huu. Kampuni iliyodanganywa haikupoteza kitu ila zile kaboni. Aliyepoteza ni aliyeamini. Ni kweli kwamba zipo meza ambazo ukiteleza neno unanyimwa haki yako, na hofu tuliyoipata pale si ya kubuni. Lakini si kila anayeuliza anatafuta pa kukunyima. Fundi anapouliza mashine iliharibikaje, anatafuta hitilafu, na mara nyingine kipuri tayari kimo mkononi mwake. Daktari naye ni hivyo. Mke wako ni zaidi ya hao. Mwanamume aliyezoea kuwaficha wageni hatimaye humficha anayelala naye, na huyo ndiye anayeketi karibu na hatari. Basi useme kifaa kina nini na ulikifanya nini, hata kama waranti itakufa. Usifunge swichi. Umeme ukikatika, chomoa plagi.

Baada ya Krismasi, Fabien aliiuza grenda. Mtu wa kununua alitoka Nathenje, fundi wa mageti, akaja na mkewe. Aliiinua, akaipima uzito, akaisifia kuwa bado mpya.

"Ina shida yoyote?" aliuliza.

"Haina."

"Swichi je?"

"Swichi haina shida," alisema Fabien.

Annonciata alikuwa mlangoni, akichambua maharage kwa mkono wa kushoto. Aliinuka. Hakumtazama mume wake. Alimwendea mke wa yule fundi, akamwonyesha mkono wa kulia, sasa bila bandeji.

"Mama," alisema, "ile swichi inashika."

Yule mwanamke aliutazama mkono, kisha akamtazama mumewe. Fundi wa Nathenje aliirudisha grenda mezani, taratibu, kwa mikono miwili.