Sefu ya Mume Wangu Ilikaa Juu ya Mbao

Bastola ilikuwa imeelekezwa kifuani mwa binti yangu... na bastola yenyewe ilikuwa ya baba yake!

Tulieni. Nitaeleza yote.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua kali, watu wako kwenye shughuli zao. Mimi Verna nilikuwa nimeinama kwenye friji ya maziwa, ndani ya duka la sheli ya mafuta ambako binti yangu Raelynn anakaa kaunta. Nikasikia mlango unafunguliwa. Sikugeuka.

"Toa hela. Zote. Haraka!"

Nikageuka.

Jamaa mrefu, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, kitambaa usoni. Mkono mmoja mfuko, mkono mwingine bastola.

Sikumwangalia usoni. Niliangalia mpini. Mpini wa pembe ya kulungu, una ufa mdogo pale chini ambao marehemu baba mkwe aliuziba kwa gundi. Bastola hiyo imekaa nyumbani kwangu miaka ishirini na nne. Raelynn alijifunzia nayo kulenga makopo akiwa na miaka kumi.

Na yeye aliitambua. Niliyaona macho yake yakishuka mpaka kwenye ule mpini, yakaganda hapo.

"Unaangalia nini wewe?!"

"Siangalii kitu, kaka. Nafungua droo. Polepole, sawa? Usikaze kidole tu, kaka yangu."

Kidole... jamani!

Mnajua kwa nini alisema kidole? Baba yake, fundi wa kujitangaza, alikisaga kifyatulio cha bastola ile kwa tupa, mezani kwangu jikoni, eti kiwe laini. Sasa ukikohoa tu, inafyatuka.

Mimi nimesimama na galoni ya maziwa kifuani kama nimebeba mtoto mchanga. Siwezi kupiga kelele. Siwezi kusogea. Nikikohoa mimi, mwanangu amekwenda.

Kabla sijawaambia alichofanya yule mtu, lazima mjue bastola ya mume wangu ilifikaje mkononi mwake.

Mume wangu anaitwa Royce. Ni mwanamume anayejua kila kitu. Muulize injini, anajua. Muulize mvua ya kesho, anajua. Muulize uchungu wa kuzaa, atakueleza unaanzia wapi. Pikapu yake kioo chote cha nyuma kimejaa stika za bunduki, kana kwamba wezi wa Oklahoma wanahitaji kuwekewa kibao.

Mwezi wa pili akanunua sefu ya kuwekea bunduki. Nyeusi, ndefu kumzidi, mlangoni ina gurudumu la kuzungusha kama benki. Dereva wa lori akaishusha gerejini kwetu ikiwa bado imefungwa juu ya paleti, zile mbao za kusafirishia mzigo, akaondoka zake. Ndani kulikuwa na kimfuko cha bolti nne nene. Chini ya sefu, mashimo manne yameshatobolewa kiwandani.

Bolti nne, mashimo manne, sakafu ya zege. Hata asiyejua kusoma angeielewa hesabu hiyo.

Royce wangu hakuielewa.

"Royce, lini unaifunga hii kitu chini?"

"Mke wangu, sefu haigusi zege. Zege lina unyevu, chuma kinaliwa na kutu. Mbao zinapitisha hewa."

"Si utandike raba chini, utoboe?"

"Nitoboe sakafu niliyoipaka rangi wiki nzima? Hebu iangalie inavyong'aa!"

Garvin, mdogo wake, alikuwa ameegemea mlangoni na kopo lake la bia. Huyo haji kwetu bila kopo.

"Shemeji, hiyo kitu ina kilo mia tatu. Mwizi ataibeba kichwani kama ndoo?"

Wakacheka mpaka Garvin akamwaga bia kwenye hiyo sakafu ing'aayo.

"Akiweza kuibeba," Royce akasema, "nampa na pikapu!"

Wanaume wawili, ubongo mmoja, na siku hiyo sijui nani alikuwa ameuazima.

Nikasema mwezi wa tatu. Nikasema mwezi wa nne. Kila nikipita na kapu la nguo kwenda kwenye mashine ya kufulia, naiona imesimama juu ya mbao kama mtu aliyepanda stuli atafute sifa. Paleti ina uwazi chini, jamani! Uwazi ule umewekwa makusudi ili kitoroli kiingize meno, kinyanyue, kitembee. Ndiyo kazi yake! Yaani mume wangu alimwekea mwizi mzigo tayari kwa safari.

Na mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Nina binti mmoja tu. Nikisikia king'ora, kwanza namwita yeye. Royce ananiita redio ya majanga.

"Redio imeshawashwa," atasema mezani. "Raelynn, leo tunakufa na nini?"

Haya. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano tukaenda kanisani wote watatu. Jumapili ya kwanza huwa tunabaki baada ya ibada, kila mama analeta chakula, tunakula pamoja kwenye ukumbi. Nilipeleka viazi vya kuoka na jibini. Royce alikula sahani tatu, akawahubiria wazee wa kanisa habari za sefu yake. Chuma chake. Gurudumu lake. Mchungaji mwenyewe alisogea kwenye meza ya keki.

Tukarudi saa nane.

Mlango wa gereji uko wazi.

Sakafu inang'aa vizuri sana. Katikati kuna mistari miwili ya magurudumu, imenyooka, inatoka mpaka nje. Basi. Hakuna sefu, hakuna mbao, hakuna kitu.

Royce akazunguka pale palipokuwa na sefu. Akazunguka tena. Jamani, kilo mia tatu za chuma, na yeye akachungulia nyuma ya mashine ya kufulia!

"Pikapu unampelekea lini?" nikamuuliza.

Akaenda kumpigia simu sherifu.

Afande Pickett wa ofisi ya sherifu akaja na daftari lake.

"Ilikuwa imefungwa na bolti sakafuni?"

Royce akaangalia dari.

"Jibu swali la afande," nikasema.

"Ilikuwa... kwenye paleti."

Pickett akaacha kuandika. "Paleti ileile iliyokuja nayo?"

"Kwa sababu ya unyevu, afande."

"Unyevu." Akaandika neno hilo taratibu. "Basi hawakuzidisha dakika kumi hapa. Nipe namba za bunduki, zile zilizochongwa kwenye chuma, tuzitangaze."

"Ninazo. Nimeziandika zote kwenye karatasi."

"Safi. Karatasi iko wapi?"

Nadhani mmeshajua karatasi ilikuwa wapi.

"Ndani ya sefu," Royce akasema.

Nilicheka. Nisameheni, nilicheka kwa sauti mpaka Raelynn akanifinya.

Jumatano sefu ikaonekana kando ya kijito, imelazwa kifudifudi, mgongo umekatwa kwa mashine ya kukatia vyuma kama kopo la samaki. Mlango wenye gurudumu la benki haukuguswa, maana nyuma ni bati tu. Bunduki sita zimekwenda, na ile bastola ya marehemu baba mkwe.

Siku tisa baada ya wizi, ikawa kifuani mwa mwanangu.

Sasa turudi sheli.

Raelynn alitoa hela, akaziweka kwenye kaunta noti kwa noti, bila kuinua macho kwenye ule mpini. Yule mtu akazoa hela. Akarudi kinyumenyume. Mgongo ukagonga stendi ya miwani ya jua, stendi ikayumba...

"TAAA!"

Risasi ikatoka!

Sikusikia kitu tena. Niliona tu Raelynn hayupo. Kaunta ipo, mwanangu hayupo! Yule mtu mwenyewe alipiga ukelele, akatoka mbio.

Nilipanda juu ya kaunta, mimi na miaka yangu hamsini na moja. Raelynn alikuwa chini, mikono kichwani, sigara zimemwagika mgongoni. Risasi imepita kwenye rafu, juu kidogo ya kichwa chake.

"Mama, niko mzima. Mama, acha kunipapasa, niko mzima."

"Damu iko wapi? Iko wapi?"

"Hakuna damu. Hayo ni maziwa, mama. Umeyamwaga wewe."

Halafu akaokota pakiti moja ya sigara, akairudisha kwenye rafu.

"Hakukusudia, mama. Aligonga tu. Ni kile kifyatulio cha baba."

Nilifika nyumbani, nikamkuta Royce jikoni anapaka siagi mkate, Garvin kando yake na kopo lake.

Sitaandika yote niliyomwambia, kundi hili la mtandaoni lina watu wa kanisani. Lakini nilimwambia yeye si mwanamume, ni stika yenye miguu. Nilimwambia amepoteza wiki nzima kupaka sakafu rangi na ameshindwa kutumia saa moja kumlinda mwanawe. Nilimwambia baba yake huko aliko amegeuka upande wa pili asimwone.

Garvin akajaribu, "Shemeji, punguza..."

"Wewe kunywa bia yako!"

Royce alikaa na kisu cha siagi mkononi. Usiku ule na uliofuata alilala kwenye kochi. Niliwaambia wanawake wa kanisani, na dada zangu, na mtu wa duka la mbolea. Yeyote aliyeuliza alijibiwa: mume wangu mvivu nusura aniulie mtoto. Nilikuwa nampita kwenye korido kama napita taka.

Wiki mbili zikaenda. Yule mtu akakamatwa akijaribu kumuuzia mkulima mmoja bunduki yenye jina la Royce chini ya kitako. Anaitwa Trent, kaunti ya jirani, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Kitoroli alikitoa huko.

Afande Pickett akatuita ofisini, sisi watatu. Nilivaa gauni la Jumapili. Nilitaka kusikia Royce akisomewa ujinga wake na mtu wa serikali.

"Amekiri," Pickett akasema. "Ametuonyesha kwenye simu yake alivyojua kuhusu sefu."

"Mimi nimeshajua, afande," nikadakia. "Ni midomo ya huyu. Anajisifu kila mahali. Mwambie, labda wewe atakusikia!"

Royce aliinamisha kichwa.

Pickett hakumgeukia Royce. Aligeuza karatasi, akaisogeza kwangu.

Ilikuwa picha ya sefu gerejini kwetu, juu ya mbao zake. Namba ya nyumba inaonekana ukutani. Juu yake maneno:

"Mfalme kanunua sefu ya benki, mwezi wa tatu huu imekaa juu ya paleti, bolti ziko kwenye mfuko. Nani ana mume mvivu kumshinda wangu?"

Watu mia mbili na kumi na wanne walicheka.

Niliiandika mimi.

Nilikuwa nimesahau, jamani. Naapa nilikuwa nimesahau! Ilikuwa siku moja nimemchoka, nikaitupia kwenye kundi la mji wetu, nikakaa nahesabu vicheko.

"Soma na ya chini," Pickett akasema kwa upole. Afadhali angefoka.

Chini kulikuwa na mama mmoja, jina Marlys, picha ya paka:

"Pole sana dada! Mume wangu ana drili nzuri, anaweza kuja kuwasaidia. Jumapili mpo?"

Na mimi, kwa adabu zangu zote:

"Ubarikiwe mpendwa! Jumapili ya kwanza tunakula kanisani, haturudi kabla ya saa nane. Labda Jumamosi?"

Marlys akaniwekea moyo mwekundu.

Hakuna Marlys. Ni Trent.

Nilimsubiri Royce. Nilitaka anitukane, alikuwa na haki. Angenitukana ningepumua. Aliisoma karatasi yote, akaikunja vizuri, akamrudishia afande.

"Ningetoboa ile sakafu," akasema, "asingekuwa na cha kubeba."

Basi. Hakuniangalia.

Raelynn ndiye aliyeniangalia.

"Mia mbili na kumi na wanne, mama?"

Nikafungua mkoba, nikajifanya natafuta funguo.

Wanawake wenzangu, nawaandikia hili ninyi. Kama nyumbani kuna bunduki, sefu ikazwe sakafuni siku ileile inapoingia, mbao zichomwe. Iwekwe kwenye kona ya kuta mbili, mgongo usionekane. Namba za bunduki ziandikwe, zikae kwa ndugu, si ndani ya sefu. Mume akigoma, tafuta fundi, lipa, kasirikianeni baadaye.

Na ukimdharau mumeo, mdharau usoni kwake, jikoni kwako, mlango umefungwa. Mimi nilitaka mji mzima unisaidie kumcheka. Kati ya waliokuja kucheka, mmoja alikuja na kitoroli.

Raelynn ameacha kazi ya sheli. Akisikia mlango unabamizwa kwa nguvu anakaa chini sakafuni, hata kama ni upepo. Hii nimemsomea yote kabla ya kuituma.

Akafikiri kidogo.

"Tuma, mama. Ila usiwaambie bunduki za Garvin ziko wapi."

Sijawaambia.