Nyota Ndogo Kwenye Karatasi ya Majibu

"Mama, wewe hukufeli. Ulifutwa."

Karani wa dirisha la malalamiko la Tume ya Ajira aligeuza faili upande wangu... Jamani! Nilishika meza kwa mikono miwili.

Karatasi yangu ya majibu. Mwandiko wangu. Maksi themanini na moja, na juu yake mstari mwekundu kutoka kona hadi kona.

"Themanini na moja?" niliuliza kama mjinga.

"Ndiyo. Aliyechukuliwa alipata sabini na nne."

"Sasa kwa nini..."

Akaweka kidole kwenye kona ya ukurasa wa mwisho. Pale palikuwa na nyota ndogo, nimeichora mwenyewe.

"Hizi karatasi hazina majina, mama. Zina namba tu, na Tume inaifunika kabla ya kusahihisha, ili msahihishaji asijue anamsahihisha nani. Ukiweka alama ya kujitambulisha, tunahesabu ni udanganyifu."

"Na za miaka ya nyuma?"

Alifungua. Mwaka wa kwanza, nyota na mstari mwekundu. Mwaka wa pili, hivyo hivyo.

"Naweza kurudia?"

Alitazama tarehe yangu ya kuzaliwa. "Mwisho ni miaka arobaini na mitano, mama. Umeitimiza mwezi uliopita."

Alisema kwa upole. Afadhali angenifokea.

Ndugu zangu, ile nyota alinipa kaka yangu. Kaka wa tumbo moja!

Miaka mitatu iliyopita tuliomba kazi moja, mimi na yeye. Mtunza kumbukumbu, nafasi moja tu. Siku moja kabla ya mtihani akaja kwangu, akafunga mlango.

"Nimepata mchongo. Tuna mtu wetu ndani ya Tume. Chora nyota kona ya juu, ukurasa wa mwisho. Akiiona tu, umepita."

"Na wewe je?"

"Mimi nachora hiyo hiyo."

Kaka akapata. Mimi nikakosa. Akaniambia mtu wetu aliweza kumbeba mmoja tu, nivute subira. Nikavuta! Mwaka uliofuata nikachora. Uliofuata nikachora tena. Kila nikitaka kukata rufaa ananizuia: "Utamchomea mtu wetu." Mwaka huu nikachoka kungoja, nikaona sina cha kupoteza, nikaja dirishani kimya kimya.

Miaka yote hiyo nilikuwa na kibarua kwenye duka la stesheneri, nawachapia watu barua za kuomba kazi. Wenye barua wakapata kazi. Mchapaji nikabaki na mgongo unaouma.

Nilimpigia kaka pale pale kwenye ngazi za Tume.

"Kaka, mtu wetu anaitwa nani?"

"Hayo hayaongelewi kwenye simu."

"Nimeiona karatasi yangu."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Kaka, yupo?"

"Hayupo," alisema. "Hajawahi kuwepo."

"Kwa hiyo wewe hukuchora."

"Sikuchora. Nafasi ilikuwa moja, mdogo wangu. Tangu shule unanipita. Nilijua tukikaa chumba kimoja nimekwisha."

"Na mwaka wa pili? Na wa tatu? Kazi si ulikuwa nayo tayari!"

"Ningeanzia wapi kukuambia? Kila ulivyonishukuru ndivyo nilivyozidi kushindwa."

Sikumtukana. Nilikuwa nimechoka hata kutukana, nikataka tu kwenda nyumbani nilale.

Ndipo akauliza kwa sauti ndogo, "Binti yako... hujamwambia habari ya nyota, sivyo?"

Mungu wangu!

Binti yangu wa pekee alikuwa kwenye chumba cha mtihani saa ile ile! Asubuhi nilimnyooshea kola mlangoni, nikamnong'oneza, "Usisahau nyota." Akajibu, "Sawa, mama."

Nilikimbia. Mtu mzima, viatu mkononi, watu wananipisha wakidhani nimefiwa. Nilipofika ukumbini wasimamizi walikuwa wanafunga karatasi kwenye mifuko, na watahiniwa wanamwagika nje.

"Umechora?"

"Mama, unahema hivyo kuna nini?"

"Nyota! Umechora?"

Akatazama chini. "Usinikasirikie, mama. Sikuchora."

Nikamshika mabega.

"Imeandikwa ukurasa wa kwanza, herufi kubwa kabisa. Usiweke alama yoyote."

"Mbona asubuhi uliniitikia?"

"Mwaka jana nilipoona karatasi ya zamani nilikuambia habari ya maelekezo, ukasema mtoto hajui dunia inavyokwenda. Leo nikaona nisibishane."

Nilikaa chini pale pale ukingoni mwa barabara, nikalia. Ukurasa wa kwanza! Miaka mitatu nilikuwa naufunua haraka ili niwahi maswali. Nisome maelekezo ya nini, na nina mtu ndani?

Binti amepita mtihani, akapita na mahojiano ya ana kwa ana. Anaanza kazi Jumatatu. Furaha ninayo, msinielewe vibaya, ila ni furaha ya mtu aliyechoka.

Na kaka je? Juzi kwenye sherehe ya kumpongeza binti alisimama mbele ya ukoo mzima, akakohoa kidogo.

"Msiniulize nimepitia wapi. Jueni tu kwamba nina mtu ndani."

Walipiga makofi! Shangazi alimkumbatia. Mimi nilimtazama, akakwepesha macho, nami nikanyamaza. Nilichoka. Hilo la kunyamaza ni kosa langu, silikatai.

Kwa sababu leo asubuhi jirani amenigongea; juzi alikuwepo, na habari ya nyota ilishamfikia. Mwanawe ana mtihani wa Tume kesho.

"Eti mama, alama ya mwaka huu ni ile ile nyota?"

Nikamkaribisha, nikamweleza yote. Nyota, mstari mwekundu, kaka, mpaka ile simu ya kwenye ngazi. Sikuficha kitu.

Akanisikiliza mpaka mwisho, akainuka.

"Kama hutaki kutusaidia, si useme tu," alisema. "Nitamuuliza kaka yako."

Sasa naandika hapa kwa sababu mlango wao wameufunga na simu yangu hawapokei. Wewe mtoto wa jirani, najua huwa unanisoma. Kesho saa tatu, ukipewa karatasi, anza na ukurasa wa kwanza. Soma kila neno. Ndani hakuna mtu wetu, kuna msahihishaji asiyekujua, na kutokukujua kwake ndiyo bahati yako.

Mama yako atakuuliza kama umechora. Mwitikie tu. Lakini usichore.