Simu Iliyojua Njia ya Nyumbani

Siku ya tatu tangu umeme ukatike, betri ilipaswa kuwa imekufa, na haikuwa imekufa.

Rémy Twagirimana alizijua betri kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake. Kazi yake hapa Goma ilikuwa kuweka intaneti katika nyumba za watu na kuilinda isizimike umeme unapokwenda. Modemu yake mwenyewe aliilisha moja kwa moja kutoka betri kuukuu ya gari, waya mbili tu. Hesabu yake haikuwahi kukosea: siku moja na nusu, basi. Lakini ilikuwa Januari ya vita. Waasi walikuwa wameingia mjini, umeme na maji vimekatwa, intaneti nayo imekatwa, na katika nyumba aliyopanga na mkewe huko Majengo taa ya modemu iliwaka kijani, imetulia.

Jirani yao Edmond alichungulia dirishani akacheka. "Papa Rémy, muji muzima hauna réseau ya intaneti, weye peke njo unayo? Ulijiunga na ya mbinguni?"

"Ni taa tu, bana. Hakuna kitu."

Edmond alipoondoka, Rémy aliigusa betri. Ilikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye homa.

Jioni, saa moja, alifungua kwenye simu yake ukurasa wa modemu, pale panapoorodheshwa simu zilizoingia. Zilitakiwa kuwa mbili, yake na ya mkewe Apolline. Zilikuwa tatu. Ya tatu iliitwa Joyeuse.

Joyeuse alikuwa binti yao wa pekee. Mei ya 2021, mlima ulipotapika moto, nyumba yao ya zamani huko Buhene ilifunikwa, naye akabaki ndani, miaka kumi na mitatu, na simu yake mfukoni. Hawakupata cha kuzika. Lilikuwepo jiwe jeusi tu, likifuka. Rémy aliponunua modemu mpya aliipa jina lilelile la ile ya Buhene, na neno la siri lilelile. Simu haisahau nyumba iliyowahi kuingia; ikisikia jina, inaingia bila kubisha. Kwa nini alifanya hivyo, hakumwambia mtu. Lakini kwa karibu miaka minne hakuiacha izimike hata saa moja.

"Apolline," aliita kwa sauti ya chini. "Kuya uone."

Mkewe alilisoma jina. Alikaa sakafuni, akanusa hewa.

"Unasikia ile harufu?"

"Harufu gani?"

"Ya mawe. Ya ile siku."

Ndipo waliposikia nyayo, nyayo za mtoto asiye na viatu, zikikimbia juu ya changarawe ya volkano ingawa ua wao ulikuwa wa saruji, zikaja hadi mlangoni na mlango haukufunguka, zikapita katikati yao na upepo wa moto uliowakausha macho, zikasimama ukutani penye soketi, na hapo, katika giza, plagi isiyoonekana ikawa inatafuta matundu, tik, tik, tik, na sauti yenye furaha ikauliza: "Papa, umuriro waje?"

Rémy aliinamisha kichwa, kwa sababu neno lile lilikuwa lake.

Katika Kinyarwanda cha nyumbani kwao, umuriro ni moto, na umuriro ni umeme pia. Kila umeme uliporudi, yeye ndiye aliyepaza sauti uani, "Umuriro waje!" Umeme umekuja! Na Joyeuse alikimbia kuchomeka modemu, huku akicheka. Jioni ile ya Buhene umeme haukuwapo tangu asubuhi. Rémy alipoona anga limekuwa jekundu juu ya paa, mdomo wake ulitoa neno lilelile. Majirani walikimbilia barabarani. Mtoto alikimbilia ndani.

Plagi ikaingia. Kilio kikatoka, kifupi, kikakatika. Jina likafutika kwenye simu.

Joyeuse alirudi kesho yake saa moja, na keshokutwa yake. Jioni ya nne Apolline alimngoja mbele ya soketi, mikono wazi, apate kumkumbatia. Mikono yake ikatoka malengelenge hadi viwikoni.

Ndipo Rémy alipomwita Mama Umurerwa, mwombezi wa chumba cha sala huko Murara. Alikuja jioni ya tano.

"Ni jini, Mama," Rémy alinong'ona. "Imevaa sauti yake." Alitamani sana iwe jini.

Mama Umurerwa alisikiliza nyayo, swali, plagi, kilio. Hakukemea. Machozi yalimtiririka.

"Nilikuya kufukuza jini," alisema. "Sasa jini iko wapi? Naona mutoto tu. Munamuita, anakuya, anaungua tena. Kila siku anaungua tena."

"Nizime betri?"

"Ulishaikata waya leo asubuhi, mama yake aliniambia. Ilizima?"

Haikuzima.

"Papa Joyeuse," alisema, na hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu Buhene, "ile mulango ulimuachia wazi weye. Mutu mwingine hawezi kuifunga."

Kesho yake, robo saa kabla ya saa moja, Rémy alikaa kubadilisha neno la siri. Kila alilofikiri lilikuwa la Joyeuse, naye angelijua: siku aliyozaliwa, jina la mbuzi wake wa kijijini Kibumba, jina la utani ambalo bibi yake pekee alimwitia. Aliandika, akafuta. Akaandika, akafuta.

"Funga macho," alisema Apolline, mikono yake imefungwa vitambaa. "Andika tu."

Alifumba macho, vidole vikapiga herufi ovyo, akatuma. Papo hapo simu zao mbili zikatupwa nje ya mtandao.

Nyayo zilikuja. Zilifika mlangoni, zikasimama. Upepo wa moto haukuingia. Mama Umurerwa, aliyerudi kusali nao, alimshika Rémy mkono, Apolline akauma kitenge chake, na nje mtu mdogo alihema taratibu, kama anayetafuta kitu mfukoni.

"Papa? Mulibadilisha mot de passe?"

Rémy aliitazama simu mkononi mwake.

"Papa, huku inje kuko baridi. Ni neno gani?"

Rémy alifungua mdomo. Angemwambia, mbele ya Mungu, mbele ya mikono ile ya mkewe, angemwambia.

Hakulijua.